Bwana Subiri na Mashine Iliyofikiri Siku Tatu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa sita kamili mchana, mtunza vipimo wa kituo chetu cha kusukuma maji anakabidhi funguo za chumba chake na kwenda nyumbani. Ametumikia hapa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Wengi wenu mnamwita Bwana Subiri, na mlioajiriwa juzi mnadhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Jina hilo nimempa mimi. Mambo mengi ya maana katika kituo hiki nimeyaanza mimi, lakini leo si siku yangu, nitajizuia.

Mhandisi Mkuu wetu, binti ambaye mimi nilikuwa nafunga beringi kabla hajazaliwa, ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa na mstaafu muda mrefu kuliko mtu yeyote. Alisema, "Fundi, kurasa mbili tu, na usimseme vibaya mzee wa watu." Kurasa zitazidi. Hilo la pili nitajitahidi. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini pampu namba tatu haimsikilizi mtu mwingine, ndiyo maana nilistaafu miaka mitatu iliyopita na wiki mbili baadaye wakanifuata nyumbani na mkataba. Aliyesoma zaidi yangu aandike la kwake.

Mstaafu alipofika hapa alikuwa kijana mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukata mkate. Kazi yake ilikuwa kusoma geji za mgandamizo, kina cha tangi na saa za kila pampu, na kuandika kwenye daftari kubwa kwa rula. Kila mstari kwa rula, hata wa chini ya tarehe. Baada ya miaka kadhaa ikaletwa kompyuta, na ndani yake lugha moja tu ya kuandikia programu, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupanga majedwali ya vipimo. Akaikumbatia lugha ile kama mtu aliyeletewa mchumba.

Niieleze kwa wasioijua, maana mimi amenieleza mara mia. Lugha nyingine unaiandikia kazi yako, inageuzwa yote kwa mkupuo kuwa maneno ya mashine, halafu inakimbia. Hii yake inasoma mstari mmoja, inatafuta maana yake, inautenda, inausahau. Ikiukuta mstari ule ule tena, hata kwa mara ya elfu, inauliza upya kana kwamba haijawahi kuuona. Ni kama karani anayesoma barua, na kila akifika kwenye neno "maji" anainuka kwenda kabatini kufungua kamusi. Jedwali la wiki lilichukua asubuhi nzima kutoka, na muda wote huo kwenye kioo kuna neno moja tu: SUBIRI. Ukimuuliza mwenyewe, "Vipi, vimetoka?" naye anakujibu hilo hilo. Mnaona sasa jina lilikotoka.

Ili nisionekane nina roho mbaya, niseme na mafanikio. Katika miaka thelathini na minne hajakosa kipimo hata kimoja, na siku aliyong'olewa jino alikuja akasoma geji huku ameshika shavu. Pia kuna lile la bomba la nne. Majedwali yake yalisema bomba linavuja chini ya barabara, maana tangi lilikuwa linashuka vidole viwili kila wiki bila sababu. Mimi nikaweka sikio kwenye bomba nikasema halivuji. Mzozo ulikwenda miezi miwili. Tulifukua. Sitaki kulisemea zaidi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mtu atakuwa analisubiri kwenye sherehe.

Karakana yangu ina ubao wa sataranji niliouchonga mwenyewe, na kila saa ya chakula huwa nacheza na yeyote mwenye moyo. Bingwa wa kituo hiki ni mimi. Siringi, nataja tu. Mchana mmoja, miaka kumi na tisa iliyopita, Bwana Subiri alikuwa anangoja jedwali lake, akakaa kucheza nami. Nikamfunga mfalme wake kwa hatua tisa, na jedwali bado halijatoka. Nikamwambia mbele ya mafundi wanne, "Lugha yako hiyo haiwezi kuhesabu ndoo hata zikiwa mbili." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Akasema, "Lugha hii hii nitaiandikia icheze sataranji, na itakufunga kabla sijastaafu."

Nilicheka mpaka nikakalia spana. Lakini tukawekeana sharti, na mashahidi wawili kati ya wale wanne bado wako hai. Programu iwe ya mkono wake, kwa lugha ile ile ya majedwali. Ikinishinda mchezo mmoja tu kabla ya saa yake ya mwisho kazini, mimi nitasimama mbele ya wafanyakazi wote siku ya kumuaga nimwite "mwalimu". Isiponishinda, atasimama yeye aniite mimi hivyo. Basi. Neno moja. Mtu asiyenijua anaweza kudhani ni kitu kidogo.

Tatizo lake la kwanza ni kwamba sataranji yenyewe alikuwa haijui vizuri. Akaja kwangu na daftari, kwa adabu, kuuliza kila kete ina thamani gani, maana mashine haina macho, inapima kwa namba tu. Akaniuliza, "Askari nimpe ngapi?" Nikamwambia moja. Ngome? Tano. Askofu? Tatu. Malkia? Tisa. "Na farasi?" Kila mchezaji anajua farasi ni tatu, sawasawa na askofu. Nikamwambia, "Farasi kumi." Akainua macho, "Kuliko malkia?" Nikamwambia, "Mimi nimecheza miaka mingapi na wewe mingapi?" Akaandika kumi, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Wengine wataita huo uongo. Mimi naona niliulizwa maoni nikayatoa, na farasi nampenda kweli.

Ikachukua mwaka na nusu kuandika. Toleo la kwanza lilitazama hatua mbili mbele, moja yake na moja yangu, na kila hatua ilichukua robo tatu ya saa. Nilikuwa nasogeza kete yangu, nakwenda kubadilisha gasketi, nanawa, nakula, narudi, nakuta SUBIRI. Ikishajibu, inajibu ujinga. Niliitupia farasi mmoja katikati ya ubao nikaona inaacha kila kitu na kumkimbilia, inatoa malkia bila huruma, na mfalme wake amebaki peke yake kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Mchezo wa kwanza nikashinda. Wa pili nikashinda. Akaona dawa ni kuifanya itazame hatua tatu, ikawa inachukua siku nzima. Akaipa nne, ikachukua mwezi. Mwezi mmoja, kusogeza askari mmoja. Nilikuwa nimesahau hata nacheza na rangi gani.

Kituo kilipoletewa kompyuta mpya, akaiomba ile kuukuu, akaiweka chini ya ngazi karibu na karakana yangu na kuibandika karatasi: USIZIME. INAFIKIRI. Kuna wafanyakazi humu ndani hawajawahi kustahili karatasi kama hiyo.

Nakiri kosa moja. Siku moja nilichomeka mashine ya kuchomelea kwenye soketi ile ile, fyuzi ikakatika, na siku kumi na moja za kufikiri zikapotea. Alishuka, akakitazama kioo cheusi, akaniuliza kwa upole, "Fundi, ulikuwa unachomelea nini?" Nikamwambia mguu wa benchi. Akasema, "Umeshika?" Nikamwambia umeshika. "Vizuri," akasema, akakaa chini akaanza upya. Tangu hapo akaifundisha kuandika kwenye karatasi kila saa mahali ilipofika. Kwa hiyo kumbukumbu ya mashine ile ni kazi yangu pia.

Na si hiyo tu. Jambo kubwa kuliko yote alilipata kwangu. Siku moja nilikuwa natafuta mvujo, nafunga valvu moja baada ya nyingine, yeye amesimama na daftari lake. Akaniuliza, "Ukishaona tawi hili halina kitu, hulifuati mpaka mwisho?" Nikamwambia, "Nilifuate nina wazimu? Nafunga, nakwenda tawi jingine." Akaondoka mbio. Mtu yule huwa hakimbii, hata mvua ikimkuta uwanjani. Akaenda kuiambia mashine kwamba ikishaona njia fulani ni mbovu, isihangaike kuifuata mpaka mwisho, ikate hapo ihamie nyingine. Mwezi ukawa siku tatu. Lugha ile ile, kompyuta ile ile. Kila mtu alimpongeza, mimi nikapongezwa na pampu namba tatu.

Mhandisi Mkuu alimwonea huruma. Akamwambia, "Mzee, nikuwekee lugha nyingine ya siku hizi. Programu hii hii ingejibu kabla hujavuta kiti." Akamjibu, "Nikishavuta kiti nitafanya nini?" Halafu akaongeza kwamba lugha yake anayajua makosa yake yote, na umri huu hataki kutambulishwa kwa makosa mapya. Ndivyo alivyo. Watu husema mimi ni mbishi.

Mpaka Oktoba mwaka jana tulikuwa tumecheza michezo sitini na moja. Sitini na moja kwa bila. Mchezo wa sitini na mbili ulianza Novemba, na kwa mwendo wa siku tatu kwa hatua ni wazi kwamba ndio wa mwisho. Jumamosi iliyopita nikaitupia farasi wangu katikati ya ubao kama nilivyozoea. Imeanza kufikiri tangu hapo. Ikimla tu, nina hatua mbili za kuumaliza. Bwana Subiri ajiandae kusimama. Nimeshachagua shati.

Hayo yote niliyaandika Jumatatu. Mhandisi anataka karatasi hizi leo Alhamisi mchana zikachapwe. Niliyoandika siyafuti, mimi si mtu wa kufuta. Naongeza tu.

Jumanne asubuhi printa ya chini ya ngazi ililia. Nikaenda nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Mashine haikumla farasi. Ilikuwa imemsogeza askofu, nyumba moja, pembeni huko, kama mtu anayesogeza kiti ili mwenzake apite. Nikacheka. Halafu nikakaa nikatazama. Chai ikapoa. Farasi wangu kule katikati alikuwa amesimama kwenye njia ya malkia wangu mwenyewe, na mfalme wangu, popote nilipompeleka, kwa hatua tatu alikuwa amefungwa. Nilimpeleka kulia, nikampeleka kushoto, nikarudia tena kulia nikidhani labda sikuangalia vizuri.

Kisha nikakumbuka kwamba katika sharti letu hatukuweka muda wa kufikiri. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya mpaka Ijumaa saa sita. Mashine imefikiri siku tatu kwa miaka, na mimi nina haki ya siku zangu tatu. Nikachukua karatasi, nikaandika USIGUSE. NAFIKIRI, nikaibandika kwenye ubao. Bwana Subiri alipita akaisoma. Akautazama ubao muda mfupi tu. Akasema, "Haki yako, fundi," akaenda kupanguza rafu zake.

Jumatano mkewe alikuja kusaidia kubeba madaftari. Shemeji yangu yule hachezi, lakini ametazama mchezo huu kwenye karatasi za mumewe kila jioni kwa miaka kumi na tisa. Akanikuta kwenye benchi. Akasema, "Bado unafikiri, shemeji? Mwenzio hujibu upesi kuliko hivi, na lugha yake ile." Nikamwambia aniache. Hakuniacha. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakalia, akaniambia kwamba miaka saba iliyopita alimuuliza mumewe, "Huyu farasi mbona mmempa kumi? Hata mimi ninayetazama tu naona hamzidi askofu. Mashine yako inampenda farasi kuliko ninavyopendwa mimi." Na mumewe akamjibu kwamba namba ile alipewa na fundi, na fundi hawezi kumdanganya mtu kuhusu kitu anachokipenda.

Miaka saba, basi, aliiacha kumi pale pale. Akashindwa michezo ishirini na zaidi kwa sababu ya kutotaka kuniona mwongo. Na katika miaka hiyo saba nimekula kwao mara ngapi. Shemeji akasema, "Novemba alipobakiza miezi minane nilichukua kalamu nikaikata ile kumi mwenyewe kwenye daftari, nikaandika tatu, nikamwambia akaiandike kwenye mashine. Aliandika. Halafu siku mbili alipiga mistari bila rula." Akainuka, akairudisha ndoo ilipokuwa, akabeba madaftari yake akaenda. Aliniacha na karatasi yangu ya NAFIKIRI.

Leo asubuhi, kabla hajaanza kusoma geji, nilichukua ubao mzima na kete zake, nikapanda nao ngazi polepole zisianguke, nikauweka kwenye meza yake. Nikamlaza mfalme wangu chini. Akasema, "Subiri, fundi. Hujamaliza kufikiri, una mpaka kesho saa sita." Nikamwambia nimemaliza. Nikamwambia na habari ya farasi, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba kumi ile nilijua si kumi. Akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Akasema, "Najua." Nikamuuliza kama alijua, mbona hakuniambia miezi yote hii. Akasema, "Nilikuwa nakupa nafasi useme mwenyewe. Miezi minane si mingi, kwa lugha ninayotumia."

Kwa niaba ya mafundi, wasoma mita, walinzi na wote wanaofungua bomba asubuhi wakaona maji yanatoka bila kujua ni kwa sababu kuna mtu aliyepiga mstari kwa rula, namshukuru mstaafu kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Namshukuru kwa bomba la nne. Lilikuwa linavuja, vidole viwili kila wiki, kama alivyosema.

Mashine inabaki chini ya ngazi, Mhandisi amekubali, karatasi isibanduliwe. Nimepanga kete upya na kuanza mimi. Nimemsogeza farasi. Inafikiri. Ikijibu nitampelekea jibu nyumbani kwake, shemeji amesema mlango uko wazi, na akasema hivyo bila kutabasamu, kwa hiyo nitakwenda na kitu mkononi.

Kesho nitasimama mbele yenu kulipa sharti langu. Nimelifanyia mazoezi lile neno mbele ya pampu namba tatu na haikucheka, lakini siwaamini ninyi, wala mimi mwenyewe sijiamini. Kwa hiyo naliweka hapa kwenye karatasi kwanza, likishachapwa halirudi.

Kapumzike. Kula kwa wakati, lala mchana, acha geji zijisome zenyewe. Uishi miaka mingi na yenye afya, wewe na shemeji, na usifanye jambo lolote haraka, hukuzoea.

Nenda salama, mwalimu.